Wazee Mbele ya Mtahini

Okot p'Bitek alikwenda Uingereza mwaka 1956 kucheza mpira. Timu ya taifa ya Uganda ilikuwa na ziara huko. Ziara ilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford, ambako mwaka 1963 alipata shahada ya B.Litt. kwa utafiti wa fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Miaka mitatu baadaye shairi lake refu, Song of Lawino, lilimpa jina ndani na nje ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mwaka 1970, tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya jadi ya watu wake ilipofika mbele ya watahini wa Oxford, aliyeiandika hakuwa kijana wa kubahatisha. Alikuwa mtu wa karibu miaka 40, mwandishi mashuhuri, anayeijua lugha na nyimbo za watu aliowaandika tangu utotoni.

Watahini waliikataa.

Mwaka uliofuata kazi hiyohiyo, Religion of the Central Luo, ikachapishwa Nairobi na East African Literature Bureau. Wakati huohuo wasomaji walipata kitabu chake kingine, kifupi na kikali, African Religions in Western Scholarship. Humo aliwashutumu wamishonari, wanaanthropolojia na hata wasomi wenzake wa Kiafrika kwa kuipa miungu ya Kiafrika sifa za Mungu wa Wakristo na za falsafa ya Kigiriki. Ni rahisi kusema kwamba Oxford ilimwonea. Inawezekana pia kuwa tasnifu ilikuwa na kasoro zake, kama zilivyo nyingi. Ila ugomvi wenyewe unaeleweka bila kumtafuta mkosaji: nani ana haki ya kusema Waacholi wanaamini nini, na kwa ushahidi gani?

Swali hilo limejificha ndani ya kila shahada ya uzamivu ya historia, fasihi, dini au falsafa. Mwanafunzi wa kemia anapokaa mbele ya watahini, wote wameshakubaliana kwamba mizani ni mizani. Mwanafunzi wa historia ya Upare anaweza kukaa mbele ya watu ambao bado hawajakubali kwamba mzee wa Upare ni shahidi. Kabla hajathibitisha hoja yake, inambidi athibitishe kwamba alichokitumia kuithibitisha kinafaa.

Shahada yenyewe si ya kale kama majoho yake yanavyodanganya. Udaktari wa utafiti, ule wa kuandika jambo ambalo halijawahi kuandikwa, ulikomaa Ujerumani katika karne ya 19, na Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810, kilikuwa kielelezo chake. Yale ilitoa PhD za kwanza za Marekani mwaka 1861. Oxford, pamoja na ukongwe wake, ilikubali shahada hiyo mwaka 1917 tu. Katika historia, mwalimu aliyeacha alama kubwa kuliko wote pale Berlin alikuwa Leopold von Ranke, na somo lake likaenea dunia nzima: mwanahistoria aende kwenye nyaraka, asome barua na ripoti za wakati huo, awe na shaka na kila kilichoandikwa baadaye. Ushauri mzuri kwa mtu anayeandika habari za wafalme wa Prussia. Kwa anayeandika habari za watu ambao nyaraka zao pekee ziliandikwa na bwana shauri aliyekuja kuwatoza kodi, ushauri huo unaanza kuwa mtego.

Mtego huo ulikuwa na watetezi wenye vyeo. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alisema katika mihadhara iliyorushwa na televisheni kwamba pengine siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati ule iliyokuwepo ni ya Wazungu ndani ya Afrika, na kwingineko ni giza. Kauli hiyo imetajwa mara nyingi mno, na wengi wanaoitaja husahau jambo moja. Alipokuwa akiitoa, watu wa kuijibu walikwisha kuanza kazi.

Mmoja wao alikuwa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, Nyanza, aliyepata kuwa mwalimu wa hisabati Alliance High School kabla ya kuhamia historia. Akiwa chuo cha SOAS, London, chini ya Roland Oliver, alichagua kuandika juu ya Waluo tangu mwaka 1500 hadi 1900, yaani karne ambazo karibu zote hazina karatasi hata moja iliyoandikwa na Mluo. Ushahidi wake ulikuwa masimulizi ya koo: nani alizaa nani, nani alihama na nani, walivuka mto gani, waliwakuta akina nani. Hisabati ilimsaidia kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Orodha ya mababu ikikusanywa kwa ukoo mmoja haisemi mengi. Ikikusanywa kwa koo nyingi, vizazi vikahesabiwa na kupewa wastani wa miaka, kisha orodha za majirani waliooana au kupigana zikawekwa kando kwa kando, tarehe zinaanza kujitokeza. Si za siku wala mwezi, bali za vizazi. Uganda walikuwa na msaada mwingine wa kalenda: masimulizi ya vita vilivyokatizwa na kupatwa kwa jua huko Biharwe, Ankole, ambavyo wanahistoria wengi wamevihusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, ingawa wabishi hawajakosekana. Kitabu cha Ogot, History of the Southern Luo, kilitoka Nairobi mwaka 1967. Hicho ndicho kilichokuwa jibu, wala hakikuhitaji kupandisha sauti.

Mwaka huohuo Isaria Kimambo alimaliza udaktari wake Northwestern, Marekani, kwa tasnifu juu ya historia ya kisiasa ya Wapare. Watu wa nje hudhani kukusanya masimulizi ni kuketi na mzee, kumpa sukari na tumbaku, na kuandika anachosema. Kazi ya Kimambo inaonyesha kwa nini sivyo. Katika masimulizi ya Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala zamani, mpaka Wasuya walipowapindua na, chini ya mtawala wao Mranga, wakaupanga upya utawala. Sasa, Msuya akisimulia mapinduzi hayo, ni ukombozi. Mshana akisimulia, ni habari nyingine. Mtafiti anayemsikiliza mmoja tu anaondoka na sifa za ukoo. Anayewasikiliza wote wawili, kisha akamtafuta wa tatu ambaye ukoo wake haukupata wala kupoteza kitu, ndiye anayeanza kupata historia. Von Ranke angeitambua njia hiyo mara moja: ni shaka ileile aliyoifundisha, safari hii ikielekezwa kwenye mdomo badala ya wino.

Lakini kisa kinachostahili kukaliwa zaidi ni cha Gilbert Gwassa.

Vita vya Maji Maji vilipiganwa mwaka 1905 hadi 1907, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Kwa miaka sitini hivi habari zake zilikuwa mikononi mwa Wajerumani na Waingereza. Gavana wa wakati ule, Graf von Götzen, alichapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Mafaili ya wizara ya makoloni yalikuwa Ujerumani, na baada ya Vita Kuu ya Pili yakawa Potsdam, upande wa Mashariki. Chuo cha Dar es Salaam kilipopata idara ya historia chini ya Terence Ranger, aliyefika mwaka 1963, walimu na wanafunzi walipiga hesabu rahisi na ya haraka: kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 sasa anakaribia 80. Mwaka 1968 ukaanzishwa mradi wa utafiti wa Maji Maji, na wanafunzi wakatumwa kukusanya masimulizi wakati wa likizo. Gwassa, aliyekuwa ameshaanza kazi hiyo pamoja na John Iliffe, alijikita katika eneo la Umatumbi na Kilwa, pale vita vilipoanzia, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973.

Wazee walimpa alichokikosa Götzen. Walimweleza Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji, jinsi watu walivyomiminika kwake, na jinsi habari ilivyosambazwa kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, kwa njia waliyoiita njwiywila. Walimweleza kilichotokea Nandete mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Ripoti za Kijerumani zilijua kwamba Kinjikitile alinyongwa, na zilijua hivyo kwa sababu Wajerumani wenyewe walimnyonga, mapema mwezi Agosti. Zisichokijua ni kwamba wapiganaji walikuwa na mpangilio, kwamba kuanza mapema kwa vita kulikuwa jambo la kubishaniwa miongoni mwao, na kwamba imani ya maji iliwaunganisha watu ambao hapo kabla hawakuwa na mtawala mmoja.

Kuna pia hesabu ya vifo. Takwimu rasmi ya Kijerumani ilikuwa watu 75,000. Gwassa, akijumlisha njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala, alikadiria 250,000 hadi 300,000, pengine theluthi moja ya watu wote wa eneo hilo. Iliffe aliichukua takwimu hiyo katika historia yake kubwa ya Tanganyika, na kutoka hapo ikaingia karibu kila kitabu kinachotaja vita hivyo. Haya ndiyo mambo ambayo shahada ya uzamivu inaweza kufanya inapofanywa sawasawa: mtu mmoja, msimamizi mmoja, daftari, miaka kadhaa ya kutembea vilimani, na idadi ya wafu wa vita vizima inaandikwa upya.

Hii haimaanishi kwamba karatasi hazifai. Walter Rodney alipata udaktari wake SOAS mwaka 1966 akiwa na miaka 24, kwa kusoma nyaraka za Ureno, Uhispania na Italia juu ya pwani ya Guinea ya Juu. Ilimbidi ajifunze lugha za wafanyabiashara wa watumwa ili awasome wanavyoandikiana wenyewe kwa wenyewe. Alidai kwamba biashara ya Atlantiki ndiyo iliyozaa aina za utumwa ambazo baadaye zilisemekana kuwa za asili huko. Wengine walimpinga, na mjadala ukawa mrefu. Abdul Sheriff naye, katika tasnifu ya mwaka 1971, aliufuata uchumi wa Zanzibar kupitia barua za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, watu walioleta vitambaa vya merikani na kuondoka na pembe za ndovu. Karatasi za mgeni zinaweza kusomwa kinyume na alivyokusudia mgeni. Wanaojua kufanya hivyo wamejifunza kwa miaka.

Mwanafunzi wa leo anarithi ushindi huo, na haanzi tena pale Ogot alipoanzia. Hakuna mtahini wa Nairobi, Makerere au Dar es Salaam atakayemwambia kwamba masimulizi si ushahidi. Vizuizi vyake ni vya namna nyingine, na vingi havina uhusiano na akili.

Cha kwanza ni barua. Kenya kibali cha utafiti hutolewa na tume ya NACOSTI. Tanzania Bara mamlaka ni ya tume ya COSTECH, na mwanafunzi wa chuo cha ndani husafiri na barua ya chuo chake. Zanzibar ina utaratibu wake. Halafu barua inashuka ngazi: mkoa, wilaya, kata, mtendaji wa kijiji. Kila ofisi inagonga muhuri. Mtafiti mwenye busara huichukulia safari hiyo kama sehemu ya utafiti, kwa kuwa mtendaji wa kijiji ndiye anayejua mzee gani bado anakumbuka na yupi anapenda tu wageni.

Cha pili ni ujuzi ambao hauwezi kuharakishwa. Mafaili ya Kijerumani yaliyomo kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, yameandikwa kwa hati ya mkono ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo haisomi bila kufundishwa. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zinadai Kiarabu. Tenzi za kale zinadai kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambapo irabu na baadhi ya konsonanti humwacha msomaji akikisia. Miaka mitatu iliyoandikwa kwenye kanuni za chuo haikuhesabu somo la hati.

Cha tatu ni muda, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtahiniwa wa kawaida wa uzamivu katika fani hizi Afrika Mashariki ni mhadhiri msaidizi. Asubuhi anafundisha mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jioni anasahihisha, na tasnifu inapata kilichobaki. Ndiyo maana ufadhili wenye thamani kubwa kwake mara nyingi ni ule wa kununua mwaka mmoja wa kuandika, kuliko tiketi ya ndege. Mpango wa African Humanities Program, ulioanza mwaka 2008, uliwalenga wasomi wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda kwa mtindo huo: pesa za kumalizia. Kwa upande wake, Mahmood Mamdani alipoongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere alikwenda njia tofauti. Alilalamika waziwazi kwamba kazi za ushauri zinawageuza wasomi kuwa wakusanyaji wa majibu ya maswali ya wengine, na mwaka 2012 taasisi hiyo ikaanza uzamivu wa miaka mingi, wenye kusoma darasani kwanza, ili mtu ajifunze kuuliza swali lake mwenyewe kabla ya kwenda uwandani. Ni njia ghali. Kwa mwandishi wa makala haya, ndiyo njia sahihi, kwa sababu tasnifu nyingi dhaifu hazikuharibikia uwandani. Ziliharibikia kwenye swali.

Kenya imeongeza sharti: mtahiniwa wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayohakikiwa. Nia ni njema. Matokeo yake mengine ni kwamba majarida ya kulipia, yanayopokea karibu chochote pamoja na ada, yamepata wateja wapya wenye haraka.

Kuna habari njema zaidi upande wa lugha. Mugyabuso Mulokozi aliandika juu ya tenzi za nanga za Wahaya mwaka 1986, na Fikeni Senkoro juu ya safari katika ngano za Zanzibar mwaka 1997, wote katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wote kwa Kiingereza. Euphrase Kezilahabi alikuwa Wisconsin mwaka 1985 alipouliza, kwa Kiingereza pia, kama nadharia za Magharibi zina haki ya kuwa hakimu wa fasihi ya Kiafrika. Jibu lake la pili alilitoa kwa Kiswahili na kwa hadithi, ndani ya Nagona na Mzingile. Anayezisoma bila kuijua tasnifu anapata riwaya ngumu, anayeijua anapata mjadala uleule ukiendelea. Leo, katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili na kutetewa kwa Kiswahili. Mtunzi wa mashairi anaweza kuisoma hukumu iliyotolewa juu ya mashairi yake, na akabisha.

Historia haijafika huko. Sheriff alisubiri miaka 16 tangu tasnifu hadi kitabu, mwaka 1987. Tasnifu ya Gwassa ilisubiri miaka 32: ilichapishwa Köln mwaka 2005, kwa Kiingereza, katika nchi iliyopigana vita hivyo, mbali na Umatumbi na kwa lugha ambayo wazee waliomsimulia hawakuitumia. Tasnifu nyingine nyingi hazijafika hata Köln. Zimo kwenye rafu za mikusanyo ya Afrika Mashariki katika maktaba za vyuo, zikisomwa na mwanafunzi mwingine wa uzamivu anayetafuta pengo la kuziba.

Vyuo vinadai nakala kadhaa zilizojalidiwa kabla ya kumruhusu mtu avae joho. Viongeze sharti moja: muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa zisizopungua thelathini, uwekwe katika maktaba ya wilaya ambako utafiti ulifanyika. Na msomaji wa Kilwa, Same au Siaya asisubiri sharti hilo. Aulize chuo kilichotuma mtafiti kijijini kwake kimeandika nini, na adai nakala.